Kali hakutoa ulimi kwa kiu ya damu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka na miaka bila kuwaandikia hata mstari, lakini ile makala yenu ya Diwali, sikukuu ya taa ya sisi Wahindu, imenishinda kunyamaza. Chini ya picha ya Kali, mungu wetu wa kike anayechorwa ulimi nje, mmeandika "shetani mwenye kiu ya damu". Tena mkadai picha za aina hiyo hazijabadilika tangu enzi za kale.

Kali ndiye aliyewaua mashetani. Ushindi ukampanda kichwani, akacheza mpaka dunia ikatetemeka, na mumewe Shiva akajilaza njiani ili amtulize. Alipong'amua amemkanyaga mume, akauma ulimi kwa haya. Bibi yeyote wa Kibengali angewasimulia. Na huyo mungu wa kike wa utajiri, Lakshmi wenu wa "kale", aliyevaa sari na kusimama juu ya yungiyungi, ameenea hivyo kwa kazi ya mchoraji Raja Ravi Varma, aliyefungua kiwanda cha chapa Bombay mwaka 1894 kwa mitambo ya Kijerumani. Watu wa tabaka la chini waliozuiwa kuingia mahekaluni wakaweza kununua mungu wa karatasi na kumtundika nyumbani kwao. Hilo hamkuliandika.

Ujinga huu umenigusa mwenyewe. Nilipeleka picha ya Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, ya marehemu mama yangu kwa fundi wa fremu hapa mjini. Kijana akaona imezidi kipimo, akapitisha wembe chini: jina la kiwanda likaenda, nusu ya sahani ya vitamutamu vya laddu ikaenda, na panya, ambaye ndiye kipando cha Ganesh, akaenda mzima mzima! Namuuliza panya yuko wapi, ananijibu, "Mama, si nimekutolea uchafu?" Na pesa yake akadai kamili.

Sisi Wahindu nasi tuna yetu. Sivakasi, mji wa jimbo la Tamil Nadu huko India unaochapa kalenda za miungu, ndio huo huo unaotengeneza fataki, na Lakshmi anabandikwa juu ya fataki hizo. Usiku tunamlipua, asubuhi tunamfagilia mtaroni. Halafu tunalalamika kudharauliwa.

Mpeni mwandishi wenu karatasi hii aibandike mezani. Kabla ya kuandika chochote atafute mnyama: panya ni Ganesh, fahali ni Shiva, simba au chui milia ni Durga, tausi mwenye kijana wa mkuki ni Kartikeya. Bundi ni wa Lakshmi, na tafadhali msije mkaandika kwamba ameleta mkosi.

Msomaji wenu,
Upanga, Dar es Salaam