Gramu kumi kwenye sahani ya mchezaji mdogo

Kwa Mshauri wa Lishe,

Tunafunza timu ya watoto wa miaka 10 hadi 13 hapa Kisumu, na tumevutana na wazazi kuhusu protini. Baadhi yao wanataka kila mtoto anywe unga wa protini wa mkebe, ule wa wanyanyua vyuma. Sisi hatuoni haja yake, ila hatujaafikiana tuweke nini mahali pake.

Hesabu yetu ni hii. Mtoto wa umri huo huhitaji gramu 0.95 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayefanya mazoezi makali karibu kila siku tunamhesabia 1.2 hadi 1.5. Kwa hiyo mwenye kilo 38 asiyecheza hutosheka na gramu 36, na anayecheza huhitaji 46 hadi 57. Chakula chake cha kawaida tumekikadiria hivi: chai ya maziwa na slesi mbili za mkate asubuhi, gramu 9, githeri ya mchana, 15, ugali na sukuma wiki usiku, 13. Jumla 37. Basi ili kufikia 46 kinachopungua ni kama gramu 10, ambazo mayai mawili yanazitoa na kuzidi kidogo. Kwa pengo dogo hivyo, mkebe wa nini?

Hata hizo 37 zina walakini. Sehemu kubwa inatoka kwenye mahindi, na protini ya mahindi ina upungufu wa laisini (kijenzi kimoja cha protini), ambayo mwili haujitengenezei. Maharagwe yanayo tele, kwa hiyo githeri ya kutafuta maharagwe kwa tochi haimfai mchezaji. Ugali wa usiku nao ungefuatana na omena tusingekuandikia: gramu 20 za omena kavu, kabla ya kupikwa, zinaziba karibu pengo lote. Lakini omena iliyoanikwa chini ina mchanga, isipooshwa maji vuguvugu mara tatu nne watoto wanaikataa, na wazazi wengine wanasema ni chakula cha kuku. Tena wanasema hayo wakiwa kando ya ziwa!

Linalotusumbua zaidi ni saa. Watoto hula mchana saa saba kasorobo, hufanya mazoezi kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili, kisha hula tena saa mbili usiku. Hayo ni masaa saba bila kitu tumboni. Wanga ukiisha, mwili huanza kuchoma protini ili upate nguvu, na ile iliyokusudiwa kujenga misuli inageuka kuni. Ndiyo sababu unga wa mkebe hauwezi kuwa dawa: karibu wote ni protini tupu, na mtoto huyu amepungukiwa na chakula chenyewe.

Tunataka kuwapa kitu mara tu mazoezi yanapokwisha, uwanjani, pasipo friji. Maharagwe kabla ya kukimbia tulishayaacha, yanajaza tumbo gesi. Maziwa mabichi yanaharibika kwa joto la hapa. Mayai ya kuchemsha hatutaki yakae juani zaidi ya saa mbili. Zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni uji wa wimbi uliochanganywa na gramu 25 za unga wa soya kwa kila mtoto, ambao una gramu 9 hivi za protini. Soya lazima ikaangwe au ichemshwe kabla ya kusagwa, kwani ikiwa mbichi inazuia protini isimeng'enywe. Ya pili ni ndizi mbili na gramu 40 za njugu karanga, gramu 12 hivi kwa jumla. Hii haina kazi ya kupika, lakini njugu zenye ukungu ni sumu, na mtoto mmoja akiwa na mzio wa njugu mpango mzima unaharibika.

Tunaomba utushauri: kati ya uji na njugu, ungechagua kipi? Je, kipimo kimoja kinafaa mwenye kilo 27 na mwenye kilo 52, au tugawe vikombe viwili tofauti bila kuwafanya wadogo wajione wamepunjwa? Na kwa mtoto ambaye uzito wake haujasogea kwa miezi mitatu huku akiwa anakua, tumwongezee sahani kwanza au tumpeleke kliniki moja kwa moja?

Wakufunzi wa timu ya watoto,
Kisumu