Barua ya wazi kwa wakuu wa shule zetu za kata: rudini darasani

Wanangu, marahaba kwa wote. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimekuwa mkuu wa shule ya kata tangu ina madarasa mawili na ofisi yetu iko chini ya mwembe, kwahiyo ninayoyasema hapa nimeyapitia.

Siku hizi nikikutana na mkuu wa shule nikamuuliza shule inaendaje ananijibu bati zimefika, tofali bado, fundi kakimbia. Nikiuliza kidato cha pili wanaendaje na hisabati anasema ngoja nimuulize mwalimu wa taaluma. Inaniuma sana hiyo.

Siwalaumu jamani. Tangu MMES, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ianze 2004 kata zikajenga shule kwa nguvu za wananchi, mkuu amekuwa msimamizi wa ujenzi, ada ikafutwa 2016 watoto wakajaa, 2021 yakaja yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO wengine mkawa mnalala saiti kabisa, alafu bado kuna vikao vya halmashauri na taarifa za "leo leo" kwenye grupu la WhatsApp. Lakini kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi si zipo? Waachieni kazi yao, makamu awafuatilie, nyie mkakae na walimu.

Matokeo ya kidato cha nne 2012 yalipotoka Februari 2013, karibu watoto sita kati ya kumi nchi nzima walipata ziro, baadae serikali ikayafuta ikayapanga upya lakini sisi tuliosimama pale kwenye ubao wa matangazo na wazazi hatujasahau. Wiki iliyofuata nikabeba kiti nikakaa nyuma kidato cha pili, kipindi cha baiolojia. Mwalimu kijana, somo analijua, ubao umejaa kiingereza kizuri tu. Nikamwomba binti wa pembeni daftari lake. Photosynthesis kaiandika mara nne na kila mara kivyake, chini pana vema nyekundu na saini ya mwalimu. Nikamnong'oneza mwanangu hii maana yake nini, akainama. Nikamuuliza haya mmea unapataje chakula, akanieleza kwa kiswahili jua, majani, maji ya kwenye mizizi, kitu kimenyooka kabisa! Usanisinuru, ndo hiyo photosynthesis, alishausoma msingi kwa kiswahili, anaujua, sisi ndo hatukumvusha kwenda kiingereza.

Sikumsema mwalimu mbele ya watoto. Jioni tukakaa wawili tu, nikaweka daftari mezani nikamuuliza unaona nini hapa. Alikaa kimya muda mrefu. Tukakubaliana kidogo tu, dakika 10 za mwanzo maneno matano mapya, watoto wayatamke, wayaandike, wayaeleze kwa kiswahili kwanza ndo waende kiingereza, na kusahihisha madaftari machache kwa siku lakini kwa kusoma kweli. Nikarudi kukaa nyuma baada ya wiki mbili, maana ukienda mara moja mwalimu anajua umekuja kumkagua, ukirudi anajua umekuja kumsaidia. Mwisho wa muhula wale watoto walikuwa wananyoosha mikono kuuliza, kitu ambacho darasa lile halikuwa nacho.

Andalio la somo na azimio la kazi sainini, sawa, ila saini haikwambii kama mtoto kaelewa. Na mfundishe wenyewe. Mimi nilijipangia vipindi sita vya jiografia kwa wiki, kidato cha kwanza, sio cha nne, kwasababu kule ndo mtoto anatoka kwenye kiswahili na ndo anapopotea. Mwalimu akikuona na chaki mkononi hata ukimwambia neno gumu analipokea. Na neno hilo mwambie ofisini, kwenye grupu hapana, mtu akidhalilishwa mbele ya wenzake kesho yake anakuja shule mwili tu.

Maafisa elimu na nyie, vikao vya asubuhi katikati ya wiki vipunguzeni, mnamtoa mkuu darasani.

Jumatatu watoto wakitoka mstarini, kabla hujaenda kuhesabu mifuko ya saruji, beba kiti, kaa nyuma kidato cha kwanza, omba daftari la mtoto aliye karibu yako ulisome mpaka mwisho.