Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: tunaomba magari yanayofunguka

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MUUNDO WA MAGARI YATAKAYOUNGANISHWA NCHINI

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa bodi hapa Gerezani, Dar es Salaam. Nanyoosha, napiga rangi, nafunga taa na bampa, huu ukiwa mwaka wangu wa 22. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu kila ninaposikia habari za kuunganisha magari nchini, na sasa magari ya umeme, nasikia ajira, kodi na betri. Yote ni ya maana. Ila sijasikia mtu akiuliza gari hilo litafunguliwaje siku likiharibika.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea gari lake. Bajaji ilikuwa imemgusa kwenye kona ya mbele, kidogo tu. Bampa lilirudi kwa mkono. Kioo cha taa hakikuwa hata na mkwaruzo, na taa yenyewe ilikuwa inawaka. Kilichovunjika ni sikio moja la plastiki linaloishika taa kwenye bodi, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Sikio hilo haliuzwi peke yake. Limeumbwa pamoja na kasha, na kasha limegandishwa na kioo kwa gundi. Ukitaka sikio, unanunua taa nzima. Mwalimu alikaa kwenye benchi letu, akapiga simu tatu, kisha akaniomba niifunge kwa waya. Niliifunga. Roho iliniuma, kwa sababu taa ya waya hutikisika barabarani na kummulika machoni dereva anayekuja. Lakini mshahara wa mwalimu naujua pia.

Nyuma ya gereji tuna pipa limejaa taa za namna hiyo, nzima kabisa isipokuwa sikio.

Ndipo nikaanza kufuatilia magari ya dhana, yale ambayo kampuni hutengeneza moja au mawili ili kuonyesha wazo, si kuuza. Mengi ni mapambo: milango inayofunguka kama mbawa, dashibodi yenye skrini kutoka nguzo hadi nguzo. Hayo sina haja nayo. Lakini yapo machache yaliyoundwa na watu waliokaa chini wakajiuliza kipi kiondolewe, na moja naomba wataalamu wako walitazame kwa makini.

Linaitwa Citroën Oli, lilionyeshwa Septemba 2022. Ni gari la umeme. Waliolibuni walijiwekea lengo la uzito wa kilo 1,000 hivi, na mwendo wakaufunga kwenye kilomita 110 kwa saa, ili betri ya kilowati-saa 40 itoshe kulifikisha hadi kilomita 400. Hawakuongeza betri, walipunguza gari. Kioo cha mbele ni bapa na kimesimama wima. Kioo bapa ni rahisi kutengeneza na rahisi kubadilisha, na kwa kuwa kimesimama, jua haliwapigi sana walio ndani, hivyo kiyoyozi hakili umeme mwingi. Mtu wa Dar es Salaam anajua maana ya hilo. Kiti kina vipande 8, wakati kiti cha kawaida kwenye gari la familia walikihesabu kuwa na 37. Paa na boneti ni maboksi yaliyochakatwa upya, yamepangwa kama sega la asali na kufunikwa juu na chini kwa plastiki yenye nyuzi za kioo. Mtu mzima anasimama juu yake. Jinsi yangevumilia miaka kumi ya masika, mimi ningetaka kuona kwanza.

Ila mlango ndio ulionikosesha usingizi. Mlango wa mbele wa kulia na wa kushoto ni umbo lile lile moja, umegeuzwa tu. Fikiria duka la spea, Mheshimiwa. Leo mteja anakuja anataka mlango wa kulia, dukani umebaki wa kushoto, basi anasubiri kontena. Mlango ukiwa mmoja kwa pande zote mbili, mwenye duka anaweka mzigo mdogo na bado hakosi cha kuuza, na kiwanda kinahitaji kalibu moja badala ya mbili. Kwa nchi inayoanza, kalibu moja si jambo dogo.

Mwaka mmoja kabla, mjini Munich, BMW walionyesha gari lao la i Vision Circular. Halina rangi ya kupuliza wala kromu, na vipande vyake vinashikwa kwa vifungo vya kufungua badala ya gundi, ili gari likichoka kila malighafi irudi kivyake. Wanunuzi wa chuma chakavu wanalielewa hili kuliko mtu yeyote: chuma kilichogandamana na plastiki hawakitaki.

Magari hayo mawili hayakuingia sokoni, najua. Lakini kuna lililofika kwa majirani zetu. Gordon Murray, mzaliwa wa Durban aliyebuni magari ya mbio za Formula One, alibuni lori dogo liitwalo OX, likaonyeshwa mwaka 2016. Lilikusudiwa kusafirishwa likiwa vipande ndani ya kontena na kuunganishwa huku huku. Usukani uko katikati, kwa hiyo halijali nchi inaendesha kushoto au kulia. Vioo vyake ni bapa. Toleo la umeme la lori hilo lilianza kubeba mazao ya wakulima Rwanda mwaka 2021, na mkulima alilipia nafasi ya mzigo wake tu. Na Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa Kiira EV mwaka 2011. Sisi tunao Nyumbu pale Kibaha, lori lililobuniwa na Watanzania. Kwa hiyo simwombi mtu ajifunze jambo geni.

Ninachoomba ni hiki. TEMDO, shirika la kubuni mitambo lililo chini ya wizara yako, wapewe kazi ya kubuni gari dogo la mizigo la Kitanzania, na kipimo chao kiwe idadi ya vipande na spana ngapi zinatosha kulifungua lote. Mafundi wa gereji na wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya VETA wawe mezani tangu mchoro wa kwanza, wasiitwe siku ya kukata utepe. Na kampuni yoyote inayoomba nafuu ya kodi ili kuunganisha magari hapa, TBS, shirika la viwango, waikague kwa swali rahisi: sikio la taa likivunjika, mnauza sikio au mnauza taa? Jibu hilo liandikwe kwenye mkataba, na michoro ya kufungulia gari ipatikane kwa fundi yeyote, kwa Kiswahili.

Sikio la taa ya yule mwalimu nimelihifadhi kwenye kopo la skrubu. Wataalamu wako wakilihitaji, nitalileta mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa bodi,
Gerezani, Dar es Salaam