YAH: Chujio la masizi lililozibwa na oili yenu, na matusi niliyopewa mapokezini

Ndugu Meneja,

Naandika kwa heshima, na naomba heshima hiyo msiione unyonge.

Tangu gari langu la dizeli likiwa jipya, sevisi ni kwenu. Risiti zenu zote zinaonyesha oili ya kawaida, wakati kitabu cha gari kinadai oili yenye majivu kidogo. Mafundi wenu wanajua tofauti yake. Chujio la masizi, lililo kwenye bomba la moshi, hunasa masizi ya dizeli, nayo huungua likifika nyuzi 550 hadi 600 za Selsiasi. Majivu ya oili hayaungui, hujirundika humo mpaka chujio lifunguliwe na kusafishwa.

Taa ya chujio ilipowaka nililipeleka gari barabara kuu ili masizi yaungue, injini ikiwa imepata moto, mwendo wa kasi moja bila kusimama. Taa ikazima. Haikupita muda ikawaka tena, nikaja kwenu.

Fundi mkuu wenu hakufungua boneti. Hakuchomeka kompyuta. Mbele ya wateja wote alipaza sauti: “Mama, dizeli haitaki dereva mwoga. Umeliziba mwenyewe.” Kisha akanishauri chujio likatwe, litupwe! Kampuni inayojiita ya kitaalamu inataka moshi mweusi uingie vifuani mwa watoto ili kuficha kosa lake.

Na hata kabla sijaja, kwenye simu mliniahidi kipimo cha presha. Hakikufanyika. Kimefanywa na gereji nyingine: masizi ni machache, lakini presha ya kabla na baada ya chujio bado inapishana mno. Hayo ni majivu, si uoga wangu.

Narudia, maana halinitoki moyoni. Nimesimama na risiti zenu mkononi, watu wananitazama, mtu ambaye hajaligusa gari ananiita mwoga, na mhudumu wenu anacheka. Hakuna aliyesema “pole”.

Nilikusudia kudai chujio lisafishwe na oili ibadilishwe kwa gharama yenu tu. Sasa hapana. Nataka pia fedha nilizolipa gereji nyingine, na barua ya kuniomba radhi yenye sahihi ya fundi huyo. Likishindikana kusafishika, mtanunua jipya.

Nawapa siku 14. Zikipita, risiti zote pamoja na majibu ya kipimo vitakwenda kwa mamlaka ya kulinda walaji na kwa wakili wangu, na hapo sitadai chujio peke yake.

Mteja wenu