Wachezaji wa briji, hesabuni kabla ya kupandisha dau

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wachezaji wa briji wa Kampala. Pointi nyingi zinapotea kwenye mnada, yaani pale pande mbili za wachezaji wawili wawili zinaposhindana kutaja mizunguko zitakayoshinda, kabla karata ya kwanza haijatupwa.

Tuseme wapinzani ndio walio “hatarini”, yaani zamu ambayo tuzo na adhabu za upande wao ni kubwa zaidi, nao wametaja 4 kopa, yaani kushinda mizunguko 10 kopa ikiwa turufu. Ninyi hamko hatarini na kati yenu wawili mna karata 10 za shupaza. Tajeni 4 shupaza: mkiwekewa dabo (wapinzani wakiongeza adhabu) na kupungukiwa mizunguko 3, mnatoa 500, ilhali kopa zao zingewapa 620. Geuzeni hali, ninyi ndio mko hatarini na wao hawako. Mizunguko 2 tu inawagharimu 500, na wao wangepata 420. Hapo nyamazeni! Karata ni zile zile, ila hesabu imegeuka.

Aliyefungua mnada kwa 3 shupaza, yaani ana shupaza nyingi na pointi chache, ameshasema yote aliyo nayo. Asitaje tena, uamuzi ni wa mwenzake.

Kosa kubwa zaidi huja baada ya dabo. Ninyi mna karata nzito, wapinzani wamejitosa kwa 4 shupaza, nanyi mnaanza kwa ree ya kopa kwa mazoea. Anzeni kwa turufu, na kila mkishika zamu rudisheni turufu. Mwenye pointi chache hutegemea kukata kwa turufu za upande mfupi, yaani wa mwenzake mwenye turufu chache, na kila mzunguko wa turufu huondoa moja upande huo. Mkichelewa raundi mbili atakuwa ameshakata mara mbili, na ile 500 mliyoitarajia inabaki 100.

Mpenzi wa briji,
Kampala