Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya mama yetu, Kitangiri, Mwanza

Sisi watoto, wajukuu na vitukuu wa marehemu mama yetu, wa Kitangiri hapa Mwanza, tunawashukuru kwa dhati wote mliokuwa nasi tangu alipougua, siku za msiba, safari ya kumpeleka nyumbani Missenyi, mkoani Kagera, hadi tulipoanua matanga. Majirani, mwenyekiti wa mtaa na kamati ya mazishi, akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), wanajumuiya, vijana mliokesha chini ya turubai, wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba mliochanga nauli ya basi zima, madaktari na wauguzi: Mungu awazidishie pale mlipopunguza.

Wapo wengine tunaotaka kuwashukuru kwa jambo ambalo waombolezaji wengi hawakulijua. Wasifu wa mama uliposomwa ulitaja watoto sita, na waliosimama kuweka mashada ni watano. Baadhi yenu mliuliza. Tunawajibu hapa.

Kaka yetu mkubwa alichukuliwa na askari wa Idi Amin mwishoni mwa mwaka 1978, walipovamia upande wa kaskazini wa mto Kagera. Alikuwa amerudi nyuma kufungua ng'ombe. Majirani walimwona akipakiwa kwenye lori pamoja na vijana wengine, lori likashika njia ya Mutukula, mpakani na Uganda. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba ardhi yote hadi mtoni ni ya Uganda. Muda mfupi baadaye daraja la Kyaka lililipuliwa, na aliyekuwa ng'ambo akabaki ng'ambo. Mama na sisi wadogo tulikuwa tumekwisha kuvuka. Tukafika Bukoba, tukapanda MV Victoria mpaka Mwanza, na vita vikatufuata hata huku: Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilidondosha mabomu yakakosa shabaha, yakaua wanyama kisiwani Saanane.

Katika miezi hiyo viongozi wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walijaribu kusuluhisha. Mwalimu Nyerere alitaka uvamizi ulaaniwe, Amin aache madai yake ya ardhi, na fidia ilipwe. Mama aliyasikiliza yote hayo kwenye redio ya jirani, akingoja wafike kwenye habari ya watu waliochukuliwa. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979 aliamini kaka atarudi. Hakurudi, na hakuna aliyetuletea habari yake, ya uzima wala ya kifo.

Kwa hiyo tunawashukuru ninyi ambao hamkumshauri mama aweke matanga ya mtoto ambaye hakuona maiti yake. Ushauri huo aliupata mara nyingi, tena kutoka kwa watu waliompenda. Ninyi mlikaa naye tu. Mapadre wa parokia, mliopokezana miaka yote hii, mlimtaja kaka katika maombi ya walio safarini, kwa sababu mama ndivyo alivyoomba, na hamkumlazimisha kubadili. Mzee uliyesoma wasifu, ulisoma "sita" kwa sauti ile ile uliyosomea mengine. Tulikusikia.

Tunamshukuru mwanasheria aliyekuja nyumbani kumweleza mama kwamba Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, katika kifungu cha 32 inataja haki ya familia kujua yaliyowapata ndugu zao. Mama hakusoma shule. Alimwomba akirudie kifungu hicho, kisha akasema, "Kumbe sisumbui watu." Tunawashukuru pia watu wa Msalaba Mwekundu waliokaa naye kuandika alama za kaka: kovu la goti, jino lililokatika.

Mjukuu wake ndiye aliyemsimulia habari za Sakie Yokota wa Japani. Binti yake, Megumi, alikuwa na miaka 13 alipotekwa na watu wa Korea Kaskazini huko Niigata, Novemba 1977, akitoka shule. Serikali ya Korea Kaskazini ilikana hadi mwaka 2002, ikakiri kuwateka Wajapani 13, ikasema wanane wamekufa, na watano wakarudi kwao. Mwaka 2004 ikapeleka mabaki iliyosema ni ya Megumi; Japani ikapima na kusema si yake. Mpaka leo nchi hizo mbili hazina ubalozi, na zinabishania hata idadi, maana Japani inawahesabu 17. Baba yake Megumi alifariki mwaka 2020 bila kumwona. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akatoa nia ya misa kwa ajili ya yule mama wa Kijapani. Nia hiyo aliilipia kila mwaka mpaka alipofariki.

Kwa ndugu zetu wa Uganda tunakosa maneno. Mlitupokea tulipozunguka vijiji vya Kyotera tukimuulizia kaka, hamkutuona kama watu waliokuja kudai deni la vita. Na mmevuka Mutukula kuja kumzika mama yetu, mkashika majembe pamoja na wajomba. Mwebale nnyo.

Misa ya arobaini itafanyika parokiani kwetu Kitangiri. Familia ambazo ndugu zao walichukuliwa Kagera mwaka ule, popote mlipo kando ya ziwa hili, tunawaomba mje na majina yao, majina ya wazazi, kijiji na alama walizokuwa nazo. Baada ya misa tutaketi nyumbani tuyaandike yote kwenye daftari moja, tulipeleke Msalaba Mwekundu, na nakala tuipeleke kwa ndugu zetu wa Kyotera.