Shabani mwanangu, usikopee nyavu

Mwanangu Shabani,

Asalaam aleikum. Habari za mkopo nimezipata kwa shangazi yako: unauza bodaboda, unakopa na juu yake, uje ununue mtumbwi wa mashine na nyavu kwa kuwa ziwa letu limejaa samaki. Jambo zito namna hiyo nilistahili kulisikia kwako kwanza.

Samaki wapo, sikatai. Uchanja wangu haupoi. Lakini hao ni samaki wa mafuriko ya 2024. Aprili ile mto wetu Rufiji ulifunika mpunga na nyumba za watu, ukaingia ziwani kwa nguvu. Kambale ndicho anachongojea hicho. Maji yakipanda na mvua huacha kina, akaingia kwenye majani yaliyozama, akataga humo. Vifaranga hukulia hapo kwenye chakula tele, maji yakishuka huyafuata. Perege ana nafuu, kwa sababu mayai huyatunza mdomoni hata ziwa likiwa limetulia. Ziwa likikatika na mto miaka kadhaa, perege ndio wanaobaki, nao tukiwakimbilia sote wanakuwa wadogo kama kiganja.

Usikope, Shabani.

Tangu Desemba 2022 walipoanza kujaza Bwawa la Julius Nyerere, mto wetu una mshika funguo. Masika ya kawaida yanazuiwa nyuma ya ukuta, maji yanaletwa kwa kipimo hadi kiangazi ili mashine tisa zizunguke. Megawati 2,115 si kitu kidogo, na taa hii ninayoandikia ni ya umeme. Ila kwa samaki haitoshi mto kuwa na maji mwaka mzima. Anataka yapande kwa wakati wake, yamwagike nje ya kingo. Yasipomwagika, mkondo wa kuingilia ziwani unabaki mkavu, na waliomo wamefungiwa. Mwaka 2024 mvua zilizidi, bwawa likafungulia. Nani amekuahidi kwamba litafungulia tena mwakani? Hata samaki ndungu, mzoefu wa kupanda mto ukijaa, ukuta wa mita 131 hauwezi.

Na wakulima wa mlau, wanaolima penye unyevu mafuriko yakishapungua, wanalia hilo hilo, maana tope la rutuba linatuama kule juu.

Hesabu unazijua kuliko sisi wote, na bati la nyumba hii ni jasho lako. Majirani nawaambia kila siku. Ndiyo maana nashangaa hukuhesabu hili. Rejesho litadaiwa kila mwezi, mto ujae usijae. Bodaboda inakulisha. Ukitaka sana kuvua, njoo masika, ushike nyavu za mjomba wako, uwaulize wazee wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi, maji yamefika wapi mwaka huo, ndipo uamue. Na usije na kokoro, ule wavu wa kukokota unaozoa hata vifaranga, nitalichoma mwenyewe.

Mdogo wako anadaiwa mchango wa mitihani, nimelipa nusu. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Korosho mwaka huu zimepata ubwiri, dawa nimepata mfuko mmoja tu, ukiona bei nzuri huko uniambie. Mchele na kambale wa kubanika nimempa dereva wa basi la Utete, uwapokee Mbagala Jumamosi asubuhi. Kambale wapashe moto siku hiyo hiyo, moshi haukuwakolea vizuri kwa sababu kuni zilikuwa mbichi.

Mama yako